Mama, Kamera Inarekodi

Soma hakiki zozote tatu za dokumentari iliyoongozwa na mwanamke, na kabla hujafika aya ya pili utakutana na sifa moja: ukaribu. Filamu ni ya karibu. Jicho lake ni la karibu. Ametuingiza ndani. Mwanaume akitengeneza dokumentari anasifiwa kwa ujasiri, kwa utafiti, kwa kusumbua wakubwa. Mwanamke anasifiwa kwa kuwa karibu, kama vile ukaribu ni dimpo, kitu alizaliwa nacho na sisi tunakiona tu akicheka.

Sina shida na neno lenyewe. Shida ni kwamba likishatamkwa, stori inaisha. Hakuna anayeuliza huo ukaribu ulipatikana vipi, nani aliulipia, na mwongozaji alipofika huko ndani alifanya nini. Hilo swali la mwisho ndilo linanikosesha usingizi, kwa sababu naona hapo ndipo filamu nzuri na filamu ya kubembeleza zinaachana njia.

Chukua Barbara Kopple. Hajafikisha miaka thelathini, anaenda kaunti ya Harlan, jimbo la Kentucky huko Marekani, kurekodi mgomo wa wachimba makaa wa mgodi wa Brookside ulioanza 1973. Anakaa na familia za wachimba migodi. *Harlan County, USA* ilitoka 1976 na ikashinda Oscar. Kuna sehemu ambapo risasi zinalia gizani kabla jua halijatoka, kamera inayumba, na unaelewa kwamba watu wanaorekodi nao wanapigwa. Kuna wake za wachimba migodi ambao wameamua wao ndio watasimama barabarani kuzuia magari ya wavunja mgomo, na mmoja anachomoa bastola kutoka kifuani mwa nguo yake kama vile anatoa hanchifu. Ukaribu wa Kopple haukuwa kipaji cha kike. Ulikuwa ni kukaa. Alikaa mpaka watu wakazoea kamera, na wenye mgodi wakaichukia.

Lakini Kopple alikuwa mgeni Harlan, na mgomo ukiisha mgeni ana kwao. Kuna aina nyingine ya ukaribu ambayo ni ngumu zaidi, na ndiyo nataka tuongelee: pale mwongozaji anapoenda na kamera nyumbani kwao. Kwa babu yake, kwa mama yake. Huko mlango uko wazi tayari, hakuna anayekuuliza kitambulisho. Ndiyo maana ni noma. Mtu aliyekubeba mgongoni unamuuliza nini?

Safi Faye alijibu hilo swali mapema sana, na nashangaa vile vijana wengi wanaopenda filamu hapa Nairobi hawajawahi kusikia jina lake. Alizaliwa Dakar 1943, akawa mwalimu, akakutana na Mfaransa Jean Rouch mwaka 1966 kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Dakar, akaigiza katika filamu yake, halafu akaenda Paris kusomea ethnolojia na utengenezaji wa filamu. Ethnolojia, ile elimu ambayo Wazungu waliitumia kutusoma sisi. Yeye akaisoma, akabeba kamera na kikosi kidogo cha watu, akarudi Fad'jal, kijiji cha Waserer ambako wazazi wake walitoka. Filamu ikaitwa *Kaddu Beykat*, yaani sauti ya mkulima. Mwaka ni 1975. Wanahistoria wa sinema huitaja kama filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke kutoka Afrika kusini mwa Sahara kusambazwa kibiashara, na mara nyingi huishia hapo, kwa hiyo medali ya kuwa wa kwanza, kama vile yaliyomo ni ya ziada.

Yaliyomo ni haya. Kijana anaitwa Ngor, anataka kumuoa Coumba. Hana mahari. Hana mahari kwa sababu mvua ni mbaya na karanga hazijalipa. Anaenda Dakar kutafuta vibarua, jiji linamnyonya, anarudi kijijini na kuwasimulia wenzake aliyoyaona. Hiyo tu. Filamu ni nyeusi na nyeupe, inaenda polepole, watu wanalima, wanatwanga, wanakula, wazee wanakaa chini ya mti. Na imefungwa ndani ya barua: sauti ya mwongozaji inamwandikia mtu, ikianza kwa kujuliana hali kama zile barua za kirafiki tulizokaririshwa shule ya msingi, mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Ukiangalia dakika kumi za kwanza unaweza kudhani ni ile filamu ya kijiji yenye amani ambayo watalii wanapenda.

Halafu wazee wanaanza kuongea. Wanaongea kuhusu deni. Kuhusu zao moja ambalo mkoloni aliwaachia na serikali huru ikaendelea nalo, kuhusu kodi, kuhusu bei ambayo wao hawaipangi. Mtu wa Kisii au Murang'a anayengojea bonasi ya majani chai hahitaji mtafsiri hapo. Babu yake Safi Faye yumo katika filamu, na nyumba hizo ni za watu wake, lakini kamera iliyosimama nyuani kwa babu haimwangalii babu kwa huruma. Inaangalia pale babu anapoangalia, na babu anaangalia serikali. Mapenzi ya Ngor na Coumba yanakwama kwa bei ya karanga, na filamu inataka ujue ni nani aliyeipanga hiyo bei. Serikali ya Senegal ilielewa haraka kuliko wahakiki. Filamu ikapigwa marufuku nchini humo.

Fikiria hiyo kidogo. Filamu ya msichana aliyerudi kijijini kwao kurekodi wazee wakipiga stori chini ya mti, na dola inaiogopa. Angeenda pale na maswali ya maisha yako yalikuwaje babu, tuambie enzi zako, wangempa tuzo na mkono wa kwaheri. Ukaribu ulimpa kitu ambacho mwandishi wa gazeti asingepata, yaani wazee waliosema mbele yake bila kuchunga ulimi, na yeye akaubeba ule mdomo wazi akaupeleka mbele ya wenye nchi. Safi Faye alifariki Paris Februari 2023. Tangu hapo filamu zake zimekuwa zikionyeshwa tena sana, na wanaoandika kuzihusu, utakisia, wanapenda kusema ni za karibu.

Sasa nigeuze upande. *New Moon* ya Philippa Ndisi-Herrmann, ya 2018, ni moja ya filamu nzuri zaidi kwa macho zilizowahi kutoka Kenya, na ukinipa nafasi nitaiangalia tena kesho. Alienda Lamu na mpango wa kutengeneza filamu kuhusu bandari mpya, ule mradi wa LAPSSET ambao Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi waliuzindua Machi 2012. Alipokuwa huko, Lamu ikamgeuza yeye. Akaingia Uislamu, na filamu ikawa ndiyo safari hiyo: maji, mwanga, dua, sauti yake mwenyewe ikijiuliza. Ni ya kweli na haijionyeshi. Lakini bandari ilienda wapi? Mwezi Aprili mwaka huohuo wa 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu, zaidi ya 4,000, walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi ule kuwaharibia bahari. Hao watu walikuwa hapo pembeni ya fremu. Mimi siwezi kumwambia mtu imani yake ipunguzwe ili ipatikane nafasi ya samaki. Naona tu kwamba Faye aliingia nyumbani akageuza kamera nje, na Ndisi-Herrmann alianzia nje akaigeuza ndani, na ule mgeuko wa pili ndio unaopendwa zaidi na watu wenye pesa za filamu.

Hilo la pesa silisemi hewani. Kazi yangu ya kulipa kodi ya nyumba ni kuandikia watu vitu, na mojawapo ni maombi ya ufadhili wa dokumentari. Nimeandika kadhaa, mengi ya wasichana wa rika langu. Fomu hazifanani lakini kuna swali ambalo halikosi: kwa nini wewe ndiwe unafaa kusimulia hadithi hii? Swali zuri sana, na najua lilitoka wapi. Watu wetu walichoka kurekodiwa na wageni wanaotua Jumatatu na kuondoka Ijumaa. Lakini angalia linavyofanya kazi. Mwenye hoja kuhusu maji ya Mathare anashauriwa atafute shangazi anayeishi Mathare. Mwenye hoja kuhusu ardhi anaulizwa kama kuna kidonda katika familia yake. Msichana mmoja niliyemwandikia alikuwa na miaka miwili ya utafiti kuhusu machimbo ya mchanga, majina, nakala za kesi, kila kitu, na jibu lililorudi lilimwomba aeleze zaidi uhusiano wake wa kibinafsi na mto. Mto, bana. Tulikaa kwa kibanda cha chai tukacheka mpaka mwenye kibanda akatuuliza kama tutanunua kitu kingine.

Kwa hiyo ninapomsifu Judy Kibinge namsifu kwa kitu ambacho fomu hizo hazina kisanduku chake. *Scarred: The Anatomy of a Massacre*, 2015, ni kuhusu Wagalla. Februari 1984 wanajeshi walikusanya wanaume wa Kisomali, wengi wao Wadegodia, kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla huko Wajir, wakawaweka kwa jua bila maji, wakawaua. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia idadi ya 57. Manusura wanahesabu kwa maelfu. Kibinge si mtu wa Wajir. Hana babu aliyelala kwenye ile lami. Ana kuketi, kusikiliza, na kurudi tena kwa watu ambao nchi nzima ilikuwa imeamua kutowasikia. Wale manusura wanavyomwangalia wakiongea, unaona kabisa uaminifu umejengwa, tofali kwa tofali. Na ni yeye huyohuyo aliyeanzisha Docubox, mfuko ambao umewashika mkono waongozaji wengi wa hapa, kwa hiyo simwekei dhambi za fomu za watu wengine.

*The Letter*, ya Maia Lekow na Christopher King, iko katikati ya hizi njia mbili, na nadhani ndiyo filamu ya Kenya iliyolielewa vizuri zaidi suala la nyumbani. Ilitoka 2019, ikapelekwa kuwania Oscar kwa niaba ya Kenya. Kijana anaitwa Karisa, anaishi mjini, anaona kwenye Facebook kwamba nyanya yake kule Kilifi anaitwa mchawi. Anaenda nyumbani kuona kuna nini. Nyanya ana zaidi ya miaka tisini, bado anashika jembe, ana ucheshi mkali. Tuhuma zinatoka ndani ya familia yenyewe, na kama kila mtu wa Kilifi atakavyokuambia, ukichimba chini ya uchawi utakuta shamba. Wazee wengi wameuawa kaunti ile kwa kosa la kuwa na mvi. Huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliokimbia watoto wao wenyewe wamepewa hifadhi.

Ninachoheshimu ni kwamba waongozaji hawajifanyi wajukuu. Karisa ndiye mjukuu. Swali la nyumbani analibeba yeye, kwa mwendo wake, kwa adabu yake ya kijana anayeongea na wakubwa, na unaona mahali adabu inamfikisha na mahali inamwishia. Filamu haifichi ule ukuta. Wahakiki wa ukaribu hapa wanapata kizunguzungu kidogo, maana waongozaji ni mke na mume na haijulikani ukaribu uandikwe kwa jina la nani. Lekow pia ni mwanamuziki na muziki wa filamu una mkono wake. Hilo nalo limesemwa kwa upole mwingi kuliko lilivyosemwa kwa umakini: muziki haulii kwa niaba yako. Unakaa kimya mahali ambapo filamu nyingine ingeleta vinanda.

Nimekuwa nikizunguka filamu moja tangu nianze. Ni *No Simple Way Home* ya Akuol de Mabior, iliyoonyeshwa Berlin Februari 2022. Akuol alizaliwa Cuba, familia ikiwa uhamishoni, akalelewa hapa Kenya. Baba yake ni John Garang, aliyekufa kwenye ajali ya helikopta Julai 2005, wiki tatu tu baada ya kuapishwa Makamu wa Rais wa Sudan. Sura yake iko kwenye noti za Sudan Kusini. Mama yake ni Rebecca Nyandeng, na Februari 2020 aliapishwa kuwa mmoja wa makamu wa rais wa nchi hiyo, kufuatia mkataba wa amani wa 2018. Binti ana kamera. Kama kuna mtu duniani aliyefunguliwa mlango, ni huyu.

Na kuna mengi anayoyafanya vizuri sana. Swali lake la kwanza ni nyumbani ni wapi, na halijibu kwa nyimbo za uzalendo. Wenzake tuliosoma nao hapa Nairobi, watoto wa Juba waliokulia Kileleshwa au Kakuma, wataijua ile hali ya kupenda nchi ambayo hujawahi kulala huko mwaka mzima mfululizo. Anaweka sauti na picha za kale za baba yake kando ya maisha ya sasa ya wanawake watatu, mama na mabinti, na unaona jinsi ilivyo kazi kuwa jamaa wa sanamu. Ninapenda pia kwamba hajifichi. Sauti inayosimulia ni yake, na anajua amezaliwa upande gani wa meza.

Lakini filamu inapofika kwa mama, inapunguza mwendo kama gari lililokaribia geti. Tunamwona akiapishwa. Tunamwona akifanya kazi yake ya kuwa mama wa taifa, akiwa na watu waliofurikwa na maji, akiwa kwa jukwaa, akiwa nyumbani. Tunaambiwa uzito wa kiti. Hatuambiwi sana kiti kitafanya nini. Hii ni nchi iliyopata uhuru Julai 2011 na kuingia vitani Desemba 2013, vita vilivyoanzia ndani ya chama cha baba yake, miongoni mwa watu walioketi sebule zilezile. Nchi ya mafuta ambayo watumishi wake wanakaa miezi bila mshahara. Mtu wa nje akimhoji Makamu wa Rais atapewa dakika ishirini na maji ya chupa. Binti alikuwa na miaka. Na maswali anayomuuliza mama ni ya moyo, nyumbani ni wapi, unajisikiaje, ulibebaje. Yale ya ofisi yanaguswa kwa ncha ya kidole na kuachwa.

Najua jibu, na ni jibu la maana. Kwani wewe ungemuuliza mamako hivyo? Siyo Afrika hii. Niliwahi kuweka simu kwenye meza ya mamangu, kamera inarekodi, nikamuuliza ilikuwaje shamba la babu likagawanywa vile liligawanywa. Aliangalia simu, akaniangalia, akasema: "Nitakwambia. Lakini kwanza wewe mwambie huyo wa kwa simu kwa nini uliacha chuo." Rekodi yangu inaishia hapo. Kwa hiyo najua ule uzito, na mamangu hata si diwani.

Hata hivyo sitaki kuiachilia filamu kwa sababu hiyo. Akuol si lazima awe mwandishi wa habari, na mtu akimgeuza mama yake kuwa mshtakiwa ili apate makofi Ulaya, hiyo nayo ni aina ya uuzaji. Ninachotaka ni kuuona ukuta. Nionyeshe swali likikufia mdomoni. Nionyeshe mama akibadilisha mada, au wewe ukizima kamera halafu uniambie ulizima kwa nini. Wazee wa Fad'jal walikuwa na deni na wakalitaja. Karisa ana adabu na filamu inaonyesha bei yake. Hapa adabu imefanywa kuwa mtindo, mwanga laini, sauti ya chini, na mtazamaji anayelia mwishoni anaweza kutoka ukumbini akidhani kwamba amekaribishwa ndani kabisa ya dola wakati amefika sebuleni tu. Watu walioiita filamu hii ya karibu hawakukosea. Walisimama mapema.

Na mambo haya si ya Juba peke yake. Hapa kwetu kuna watoto wa wakubwa wenye kamera nzuri kuliko zetu zote, na Juni 2024 tuliwaona wachache wakirekodi barabarani nasi, na wengi zaidi wakinyamaza nyumbani, kwenye meza ambazo sisi hatutawahi kula. Siku mmoja wao atakapotuletea dokumentari kuhusu baba yake, itakuwa nzuri, itakuwa na picha za utotoni, na mtu ataandika kwamba ni ya karibu.

Kuna binti mwingine na mama mwingine ambao nimekuwa nikiwaweka kando ya Akuol na mama yake, ingawa hawafanani kwa lolote. Wamo katika *The Day I Will Never Forget*, ya 2002, ya Kim Longinotto. Longinotto ni Mwingereza, anashika kamera mwenyewe, hasimulii, na alikuja Kenya kurekodi wasichana na ukeketaji. Ni mgeni, ndiyo, na kuna sehemu ya filamu hiyo ambapo watoto wanakeketwa na kamera haiondoki. Nilisimamisha video, nikatoka nje, nikarudi. Bado nabishana nayo. Kuna upande wangu unaosema mtu mzima aliye ndani ya chumba kile ana mikono, aitumie. Kuna upande mwingine unaokumbuka kwamba 2002 tulikuwa bado miaka tisa nyuma ya sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji, na kwamba watu walioambiwa ni jambo dogo la kimila hawakuwahi kusikia ile sauti. Upande wa pili haujamshinda wa kwanza. Filamu hiyohiyo ina wasichana wa Bonde la Ufa waliowapeleka wazazi wao mahakamani ili wasikatwe, na huko mahakamani unaelewa kwamba kamera ya mgeni ilifika ikakuta vita vimeshaanza bila yeye.

Lakini binti ninayemsema ni Msomali, mtoto wa miaka kama minane au tisa. Ameshakeketwa. Ameandika shairi kuhusu siku ile, na jina la filamu linatoka hapo. Analisoma kwa sauti, mama yake ameketi. Likiisha, hanyamazi ili sisi tulie. Ana ombi. Ana mdogo wake wa kike, na anataka mama aahidi, hapo, kwamba mdogo wake hatakatwa. Mama anajaribu kulipitisha kama upepo, vile wamama wanajua kufanya. Mtoto anarudia. Na mama anakubali.

Mgeni aliyeshika kamera hakuuliza lolote. Ukaribu wote uliokuwa ndani ya chumba kile ulikuwa wa mtoto, na nikimwangalia anavyokaa wima na karatasi yake, nafikiri alikuwa ameshapiga hesabu: mama angeweza kumnyima yeye ahadi siku yoyote ile ya wiki, jikoni, wakiwa wawili, kwa hiyo akangoja mpaka kamera ifike.